KISIWA NAKIONA, MELI HAKUNA

Katika chumba chetu cha habari kuna mzee mmoja ambaye namheshimu sana, maana ndiye aliyenifundisha kuandika aya ya kwanza ya habari bila mbwembwe. Mzee huyu ana wimbo wake mmoja. Pantoni ya Kigamboni ikizima injini katikati ya mkondo, anauimba. Boti ya Zanzibar ikichelewa saa tatu, anauimba. "Nendeni Ugiriki mkaone! Wale wana visiwa zaidi ya mia mbili vyenye watu, serikali imekaa pembeni, sekta binafsi inaendesha meli, na kila kisiwa kinafikika. Sisi tumekalia siasa."

Basi Mzee wangu, shikamoo. Nimekwenda. Naomba uniwie radhi kwa haya yanayofuata.

Novemba iliyopita nilipata bahati ya kuhudhuria mafunzo ya wiki mbili Athens, yale mafunzo ya waandishi vijana ambayo ukiyapata unapigiwa simu na ndugu ambao hukujua kama unao. (Habari ya visa nitaisimulia siku nyingine nikiwa na nguvu.) Mafunzo yalipokwisha nikabakiwa na siku nne na akiba kidogo ya posho. Nikasema siwezi kurudi Dar nikiwa nimeona Ugiriki ya ukumbini tu. Nikapanda meli kwenda Sifnos, kisiwa kidogo katika kundi la Cyclades, chenye watu wasiofika 3,000. Kinasifika kwa vyungu vya udongo na kwa dengu zinazopikwa ndani ya vyungu hivyo usiku kucha Jumamosi ili ziliwe Jumapili. Mpango wangu ulikuwa kulala Sifnos usiku mmoja, kuvuka kwenda Paros kisiwa cha jirani, kisha kurudi Athens kuwahi ndege.

Asubuhi ya pili nikatembea hadi Kastro, kijiji cha kale kilichokaa juu ya jabali upande wa mashariki wa Sifnos. Hali ya hewa ilikuwa safi na bahari imetulia. Ng'ambo nikaiona Antiparos, na nyuma yake milima ya Paros. Kutoka Sifnos hadi Antiparos hazifiki hata kilomita 30. Kisiwa kiko pale, unakiona, ni kama mtu aliyesimama Magogoni anavyoiona Kigamboni siku yenye ukungu. Nikashuka bandarini Kamares kukata tiketi.

Mama wa ofisi ya tiketi, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akaniangalia kwa huruma. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Mwanangu, ya Paros imeshapita. Subiri wiki ijayo. Kama una haraka, panda ya leo urudi Piraeus, ulale, kesho asubuhi upande ya Paros."

Nikamwonesha kwa kidole kule nilikotoka. Nikamwambia nimetoka kukiona sasa hivi. Akacheka. "Kukiona, wote tunakiona."

Naomba tuipigie hesabu hii pamoja. Kutoka Sifnos kurudi Piraeus kwa meli ya kawaida ni kama saa tano. Kutoka Piraeus kwenda Paros ni saa nne na ushee. Katikati hapo kuna usiku mmoja wa kulala bandarini, na nauli mbili ambazo kwa pesa yetu zilinitoka zaidi ya shilingi laki mbili. Yote hayo nifike mahali ambapo mvuvi mwenye mashine nzuri angenifikisha kabla ya chakula cha mchana. Ni sawa na mtu wa Mkokotoni anayetaka kwenda Mkoani, Pemba, aambiwe arudi Dar es Salaam alale, ndipo kesho yake apande meli ya Pemba. Nani angekubali? Sisi ambao Mzee wetu anasema tumekalia siasa, hata sisi tungegoma!

Najua kuna atakayesema, wewe kijana umepata visa ya Ulaya, umekula dengu za Jumapili, sasa unalialia kwa sababu umekosa boti. Sawa, mimi ni mpita njia na shida yangu ilikuwa ya siku moja. Lakini pale kwenye benchi la nje ya ofisi ya tiketi alikuwa amekaa binti wa rika langu, mwalimu. Ugiriki ina walimu wa mkataba ambao kila mwaka wizara inawapangia kituo, na wengi hujikuta visiwani, ambako hata chumba cha kupanga ni taabu kwa kuwa wenye nyumba wanazisubiri pesa za watalii wa kiangazi. Huyu amepangiwa Sifnos. Mchumba wake, naye mwalimu, amepangiwa Paros. Akaniambia jioni anaweza kuziona taa za upande wa pili, na kwamba tangu shule zifunguliwe walikuwa wameonana mara mbili. Mara zote mbili walikutana Athens, kwa sababu Athens ndiyo sehemu pekee wanayoweza kufika wote wawili mwishoni mwa wiki na kuwahi vipindi Jumatatu.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali, maana ndiyo kazi niliyosomea.

Jibu la kwanza nililopewa, na wengi, ni hili: "Ungekuja Julai." Na ni kweli. Julai na Agosti bahari ile imejaa boti za mwendo kasi zinazoruka kutoka kisiwa hadi kisiwa kama nyuki. Mtalii anayetaka kula chakula cha mchana Sifnos na cha jioni Paros atapata. Ugiriki ina ramani mbili za bahari. Ipo ramani ya Julai, ndiyo inayochapishwa kwenye majarida ya ndege na ndiyo ambayo Mzee wangu ameiona. Na ipo ramani ya Januari, ambamo boti za kasi zimefungwa gatini na mistari mingi kati ya kisiwa na jirani yake imefutika. Inabaki mistari mirefu michache, na karibu yote inakwenda kuishia Piraeus, au Rafina na Lavrio ambazo nazo ni bandari za Attica, nyuma ya Athens hiyo hiyo.

Sasa niambieni, kuugua kunasubiri Julai? Kesi inasubiri Julai? Makao ya mkoa wa South Aegean, yaani Cyclades pamoja na Dodecanese, yapo Ermoupoli katika kisiwa cha Syros. Mahakama ipo Syros na hospitali kubwa ipo Syros. Mwananchi wa kisiwa kingine cha mkoa huo huo, akiitwa na mkoa wake mwenyewe katikati ya baridi, anaweza kulazimika kupitia Athens kwenda makao ya mkoa. Hili si suala la starehe, ni suala la mtu kuwa raia au kutokuwa.

Na kuna Kastellorizo, ambayo sikufika lakini kila niliyeongea naye aliitaja. Kisiwa hiki kiko kama kilomita mbili tu kutoka pwani ya Uturuki, karibu na mji wa Kaş. Kutoka Rhodes, kisiwa kikubwa cha nchi yake chenye hospitali na ofisi, kiko zaidi ya kilomita 100, na meli kipindi cha baridi ni za kuhesabu kwa wiki. Basi watu wa Kastellorizo wanavuka dakika ishirini kwenda kununua mboga sokoni Kaş, kwa jirani ambaye serikali yake na serikali yao hazijaacha kununiana. Wanasiasa wa Athens wakihutubia juu ya mipaka ya taifa, Kastellorizo ndiyo mfano wao wa kwanza. Wakipanga ratiba ya meli, ndiyo ya mwisho.

Haya, tuje kwenye hoja ya Mzee wangu ya soko.

Zamani serikali ya Ugiriki iligawa leseni za njia na kupanga nauli. Mwenye meli akipewa njia nono alibebeshwa na njia konda. Kisha ikaja kanuni ya Umoja wa Ulaya, na sheria ya mwaka 2001 ikafungua soko: mwenye meli achague njia anayoitaka. Tangu hapo Wagiriki wana jina la zile njia ambazo hakuna aliyezichagua. Wanaziita "njia tasa". Naam, TASA. Njia ambayo mwalimu angeitumia kwenda kwa mchumba wake, na bibi kwenda kupimwa macho, imepewa jina ambalo kwetu hutupiwa mwanamke na mawifi wasiomtakia mema. Mtu akishakiita kitu tasa hamuoni tena anayekitegemea, anaona hasara tu.

Serikali basi inatangaza zabuni na kulipa ruzuku ili mtu akubali kuhudumia njia hizo tasa. Kwa hiyo Mzee, ile serikali uliyosema imekaa pembeni haijakaa pembeni hata kidogo. Inalipa! Bila mfuko wa serikali visiwa kadhaa vya Ugiriki visingeona meli Januari. Tofauti ni kwamba faida ya Julai inabaki kwa mwenye meli, na hasara ya Januari anabebeshwa mlipakodi. Mpango wa namna hiyo mtaani kwetu una jina lake, na jina hilo si "soko huria".

Na huo ushindani uko wapi? Mwaka 1999 kampuni moja ilizunguka kununua kampuni nyingine za njia za ndani hadi ikawa mbabe wa bahari ya Aegean. Warithi wa kampuni hiyo waliitwa Hellenic Seaways, na mwaka 2018 wakanunuliwa na Attica Group. Mwaka 2023 Attica hao hao wakaunganishwa na ANEK.

Hiyo ANEK naomba niisemee kidogo kwa sababu kisa chake kinaniuma. Tarehe 8 Desemba 1966 meli iliyoitwa Heraklion ilikuwa inatoka Krete kwenda Piraeus katika dhoruba. Lori la jokofu likakatika kamba zake ndani ya gereji ya meli, likagonga mlango wa kupakilia, maji yakaingia. Watu zaidi ya 200 walikufa karibu na kisiwa cha Falkonera. Watu wa Krete hawakungoja tume. Mwaka uliofuata, 1967, walianzisha kampuni yao huko Chania, wananchi wa kawaida wakinunua hisa, kwa sababu walikuwa wamechoka kusafirishwa kama mizigo na matajiri wa Piraeus. Hiyo ndiyo ANEK. Visiwa vingine vikafuata, Lesvos nao wakaanzisha ya kwao. Huu ndio mfano wa Kigiriki ambao ningetaka Mzee wangu auimbe: wavuvi na wakulima wa mizeituni kumiliki meli inayowabeba. Lakini wimbo huo hauimbwi. Kampuni ya Lesvos ilizama kwa madeni, na ya Krete imemezwa. Meli zimebaki, wananchi wameshuka.

Kuna mahali serikali ya Ugiriki imekiri kosa, na imekiri kwa maandishi. Mwaka 2018 ilianzisha utaratibu wa fidia kwa wakazi wa visiwani. Mkazi anakata tiketi, kisha anarudishiwa tofauti kati ya nauli ya meli na kile ambacho angelipa kama umbali ule ule angesafiri nchi kavu. Fikirieni maana yake. Serikali imesema kwamba bahari kati ya kisiwa na kisiwa ni barabara, na mtu asiadhibiwe kwa sababu barabara yake ina maji. Hapo nilipiga makofi. Lakini fidia ya nauli inamsaidia nini mtu ambaye meli yenyewe haipo? Umemrudishia euro kumi kwenye safari ya kupitia Athens ambayo hakupaswa kuifanya.

Msiniambie haiwezekani. Inawezekana, na Wagiriki wenyewe wanafanya. Kati ya Paros na Antiparos kuna pantoni kama ya Kigamboni, inabeba magari na watu, unavuka kabla soda yako haijaisha. Milos na Kimolos vivyo hivyo, mwaka mzima. Na ipo Skopelitis, boti ndogo ambayo ukiitaja mbele ya watu wa Cyclades wanatabasamu kama mmemtaja shangazi. Inatoka Naxos, inapita Iraklia, Schoinousa, Koufonisi, Donousa, visiwa ambavyo kimoja kinaweza kuwa na watu mia mbili tu, hadi Amorgos. Ni ndogo, inayumba, abiria wanatapika, inabeba kila kitu. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya jirani kwenda kwa jirani. Inapokewa ruzuku na hakuna anayeona aibu. Kama watu mia mbili wa Schoinousa wana boti ya kuwapeleka Naxos, kwa nini Sifnos na Paros zenye maelfu zisiwe na ya kwao Januari? Kinachokosekana ni mtu wa kuchora mstari kutoka mashariki kwenda magharibi badala ya kila mstari kuelekezwa Piraeus. Ramani ile imechorwa na mtu aliyekaa Piraeus.

Upepo? Ndiyo, upepo upo. Nguvu nane kwa kipimo cha Beaufort, mamlaka ya bandari inazuia meli kutoka, na hilo nalisifu kwa moyo wote. Ningefurahi sana kama na kwetu nahodha angezuiwa namna hiyo bila kupigiwa simu na mkubwa. Lakini siku niliyosimama Kastro bahari ilikuwa kama sinia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya niandike leo badala ya kuendelea kunung'unika moyoni. Mzee wangu anapotuambia tuige meli za Ugiriki, anasahau kwamba tulishaletewa moja.

Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao watu wa Krete walianzisha kampuni yao kwa uchungu, iliundwa Ugiriki meli iliyopewa jina Marianna. Ilifanya kazi, ikazeeka, ikabadilishwa jina, ikabadilishwa tena. Mwaka 2007 ikapewa jina la mwisho. Jina hilo kila Mzanzibari analijua: Spice Islander I. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba, kisiwa na kisiwa jirani yake, ilipinduka na kuzama. Cheti chake kiliruhusu watu wasiozidi 645. Tume ilikuja kueleza kwamba ilikuwa imebeba zaidi ya 2,400, na kwamba waliokufa pamoja na wasioonekana tena walizidi 1,500. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima wamekaa kimya mbele ya redio, na nakumbuka hakuna aliyetutuma dukani siku ile.

Simsingizii Mgiriki kosa la waliouza tiketi kupita kiasi Malindi. Wale ni wetu. Wala meli haifi kwa uzee peke yake. Ninachosema ni kwamba abiria wa njia ya jirani kwa jirani, huko kwao na huku kwetu, ndiye anayeletewa kilichobaki. Ni boti iliyochoka, siku iliyobaki kwenye ratiba, na macho ya mkaguzi aliyekwisha kukagua meli za maana.

Nao kwao hawakusalimika. Septemba 26, 2000, usiku, Express Samina ilikuwa inakaribia Paros kutoka Piraeus. Iliundwa Ufaransa mwaka 1966, hivyo ilikuwa na miaka 34, na sheria ya Ugiriki wakati ule iliruhusu hadi 35. Ikagonga miamba ya Portes, miamba inayojulikana na kila mtoto wa Paros na yenye taa juu yake. Ndani ya meli mechi ya mpira ilikuwa kwenye televisheni. Milango ya kuzuia maji, ambayo kazi yake ni kufungwa, mingi ilikuwa wazi. Watu zaidi ya 80 wakafa, umbali mfupi tu kutoka gatini. Wengi wa waliopona waliokolewa na wavuvi wa Paros waliotoka na mashua zao gizani bila kuagizwa na mtu. Nahodha na msaidizi wake walifungwa miaka mingi. Sheria zikabanwa. Mzee wangu, ule usalama unaousifu Ugiriki umenunuliwa kwa watu hao, haukuletwa na sekta binafsi kama zawadi ya Krismasi.

Hata baada ya sheria kubanwa, tabia ya kumwona abiria kama mzigo haijaisha. Septemba 5, 2023, pale Piraeus, kijana wa miaka 36 alikimbilia meli ya Blue Horizon iliyokuwa inaondoka kwenda Krete. Akafika kwenye mlango wa kupakilia. Mabaharia wakamsukuma, akaanguka majini, akafa. Abiria wenzake walipiga picha za video na nchi nzima ikaona. Siku chache baadaye waziri mwenye dhamana ya usafiri wa majini alijiuzulu. Niliuliza watu kadhaa pale bandarini kuhusu tukio hilo na hakuna aliyeniambia alishangaa. Waliniambia meli ina haraka, ratiba ni ngumu, dakika za gatini zinahesabiwa. Bwana mmoja muuza karanga akaniambia, "Hapa ukichelewa wewe ni kosa lako. Meli ikichelewa ni upepo."

Kwa hiyo ninachotaka kutoka kwa Mzee na wenzake wanaotunga sera kwa kutazama vipeperushi ni kidogo tu. Mkitaka kuiga Ugiriki, igeni kile kipengele cha mwaka 2018 kinachosema maji ni barabara. Igeni amri ya upepo. Igeni Skopelitis, na igeni watu wa Chania wa mwaka 1967. Kisha mtazame njia zetu wenyewe, Unguja na Pemba, Nyamisati na Mafia, Bugorora na Ukara ambako MV Nyerere ilizama Septemba 2018 ikiwa na watu waliotoka gulioni, muulize kila moja: hii imepangwa kwa ajili ya anayeishi hapa, au kwa ajili ya anayepita? Msituletee ramani ya Julai.

Yule mwalimu tulipanda meli moja jioni ile. Alikuwa na ruhusa ya siku mbili, mchumba wake naye alikuwa anapanda meli yake huko Paros, wakutane Athens. Tulikaa chumba cha chini karibu na mashine ya kahawa, akasahihisha madaftari ya wanafunzi hadi Serifos, kisha akalala amejifunika koti. Piraeus tulifika usiku. Akaniaga, akakimbilia treni.

Nikalala hoteli ya bei rahisi nyuma ya bandari, na saa moja na nusu asubuhi nilikuwa ndani ya meli ya Paros. Kabla ya kufika, watu walianza kusimama na kuchukua mabegi. Upande wa kulia palikuwa na mawe mawili yametoka majini, meusi, madogo kuliko nilivyodhani, na taa juu. Portes. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu na mfuko wa mikate akafanya ishara ya msalaba mara tatu bila kuacha kuongea na simu.

Mchana nikapanda kilimani juu ya Parikia. Sifnos ilikuwa pale magharibi, inaonekana vizuri tu.